Jeevanjee: Tajiri aliyewaachia wakazi wa Nairobi mahali pa kuketi

Saa saba za mchana, jua la Nairobi likiwa limesimama wima juu ya mapaa ya majumba, viti vya bustani ya Jeevanjee huwa vimejaa. Karani aliyetoroka joto la ofisi hufungua gazeti. Kijana anayesaka kazi hujilaza nyasini, bahasha ya vyeti vyake ikiwa ndiyo mto wa kichwa. Mhubiri huinua sauti chini ya mti, na hatua chache kutoka alipo, kundi la watu hukaa likibishania bei ya unga na mienendo ya wabunge. Hakuna anayelipa kiingilio, wala anayeulizwa amefuata nini.

Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba jina hilo, ambalo hutamkwa kama jina la kituo cha matatu, lilikuwa la mtu. Alibhai Mulla Jeevanjee aliwahi kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa zaidi katika Afrika Mashariki. Alijenga soko, akaanzisha gazeti, akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria miaka 35 kabla ya Mwafrika wa kwanza kuingia humo. Katika hayo yote, kilichobaki mikononi mwa umma ni hizo ekari zipatazo tano kati ya Moi Avenue na Barabara ya Muindi Mbingu, katika jiji ambalo kiwanja cha upana wa shuka hugombewa na mawakili kwa miaka kumi.

Jinsi bustani hiyo ilivyopatikana, na jinsi ilivyokaribia kupotea, ni hadithi inayostahili kusimuliwa taratibu.

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi, uliokuwa wakati huo sehemu ya India chini ya Waingereza na ambao leo umo nchini Pakistan. Familia yake ilikuwa ya Mabohora, Waislamu wa madhehebu ya Shia wanaojulikana sana katika miji ya pwani kwa uhodari wa biashara. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Alichokuwa nacho ni miguu isiyotulia: mwaka 1886 alikuwa amefika Australia, ambako aliuza bidhaa za mashariki katika mji wa Adelaide. Mwaka 1890 akafungua tawi la kampuni yake Mombasa, akiwa wakala wa Kampuni ya Imperial British East Africa, ile iliyopewa na Malkia wa Uingereza idhini ya kuitawala nchi hii kabla ya serikali yenyewe kuichukua mwaka 1895.

Hapo ndipo bahati ilipomfungukia. Serikali ya Uingereza iliamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na reli haijengwi kwa karatasi. Zilihitajika nguvu za watu, chakula cha watu hao, mawe, mbao na vibanda. Jeevanjee alipata kandarasi ya kuleta wafanyakazi kutoka India, na mapema mwaka 1896 kundi la kwanza la watu wapatao 350 liliteremka Mombasa. Alipata pia kazi ya kuwalisha, kupasua miamba, kutengeneza tuta la reli na kujenga stesheni.

Ni vyema kulisema jambo hili waziwazi, maana wasifu wa matajiri wafadhili una kawaida ya kuanza kwenye ukurasa wa sadaka na kuuruka ukurasa wa mapato. Kwa jumla zaidi ya makuli 31,000 waliletwa kuijenga reli hiyo hadi ilipokamilika, ingawa si wote waliopitia mikononi mwa Jeevanjee. Takriban 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na, kama kila mtoto wa shule ajuavyo, makucha ya simba wa Tsavo. Maelfu wengine walirudi kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Karibu 6,700 walibaki. Utajiri uliokuja kununua mawe ya soko na miche ya bustani ulichimbuliwa kwenye tuta hilo.

Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899. Mahali penyewe palikuwa kinamasi, na hakuna aliyepachagua kwa uzuri wake. Wahandisi walitaka uwanja tambarare wa kuweka karakana na maghala kabla ya kuanza kupanda Bonde la Ufa. Mji ulizuka kando ya reli bila mpango wa kuaminika. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga maduka yao ya mabati na mbao yakiwa yamebanana, maji machafu yakipita katikati. Mwaka 1902 tauni ililipuka katika mtaa huo wa maduka, na tiba iliyoamuliwa na wakuu wa mji ilikuwa kiberiti. Mtaa ukachomwa.

Ni katika majivu hayo ambapo jina la Jeevanjee linaanza kuonekana kwenye ramani ya Nairobi. Alikuwa tayari amejenga ofisi na nyumba ambazo serikali ilizikodi kwa maafisa wake, kwani serikali yenyewe haikuwa na fedha za kutosha za kujenga. Mwaka 1904 akajenga soko la mawe, lenye sehemu za kuuzia matunda, mboga na nyama, lililoitwa kwa jina lake na kuuhudumia mji hadi Soko la Jiji tunalolijua leo lilipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Soko lilikuwa biashara, si zawadi, na lilimpa kodi. Lakini katika mji uliokuwa umetoka kuteketea kwa tauni, mahali safi pa kununulia chakula palikuwa pia suala la uhai, na mpaka kati ya faida ya mtu na faida ya umma haukuwa mstari ulionyooka.

Bustani ilikuwa jambo jingine. Mwaka 1906 Jeevanjee alitoa kipande cha ardhi, akakipanda na kukipamba, kisha akakikabidhi kwa watu wa mji wapate mahali pa kupumzikia. Katikati yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, aliyekuwa amefariki miaka mitano kabla. Aliyeizindua alikuwa Duke wa Connaught, mwana wa malkia huyo, aliyekuwa akizuru Afrika Mashariki mwaka huo.

Mtu wa leo akiisikia habari ya sanamu hiyo hucheka, au hukasirika. Mhindi tajiri anamnunulia mkoloni sanamu! Lakini tendo hilo lilikuwa na hoja ndani yake. Mwaka 1858, baada ya maasi makubwa nchini India, Victoria alitoa tangazo lililowaahidi raia wake wa Kihindi kwamba wangetendewa sawa na raia wake wengine. Kwa vizazi kadhaa, Wahindi wenye kudai haki zao popote katika himaya hiyo walilishika tangazo hilo kama mdeni ashikwavyo kwa hati aliyoitia sahihi. Kumweka malkia huyo katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka kwenye maduka ya walowezi, kulikuwa sawa na kuibandika hati hiyo ukutani.

Na sababu ya kuibandika ilikuwapo. Kamishna Sir Charles Eliot, aliyeitawala nchi hii kuanzia mwaka 1900 hadi 1904, alikuwa ameifungua milango kwa walowezi wa Kizungu na kuamini kwamba nyanda za juu zilikuwa zao. Mwaka 1908 Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, akaidhinisha kwamba isingekuwa busara kuwagawia Wahindi mashamba katika nyanda hizo. Hivyo mtu aliyejenga ofisi ambamo maafisa wa ardhi waliketi hakuweza kupata shamba Limuru kwa sababu ya rangi yake. Mjini nako, vitongoji vilitengwa: vilima vyenye hewa safi kwa Wazungu, na tambarare zenye maji yaliyotuama kwa waliosalia. Katika mazingira hayo, bustani isiyomuuliza mtu ametoka upande upi wa mji haikuwa pambo tu.

Gazeti lake lina kinaya kikubwa zaidi. Mwaka 1902 Jeevanjee alianzisha mjini Mombasa gazeti la kila wiki lililoitwa The African Standard, akamwajiri Mwingereza, W.H. Tiller, awe mhariri. Miaka mitatu baadaye aliliuza. Wanunuzi, ambao walikuwa Wazungu, walilibadilisha jina likawa East African Standard, likahamia Nairobi mwaka 1910 na kwa miongo mingi likawa kipaza sauti cha walowezi wale wale waliotaka Wahindi wafungiwe mlango. Ndilo mzazi wa The Standard la leo. Kama Jeevanjee alijuta, mitambo ya kuchapishia majuto yake ilikuwa tayari mikononi mwa wengine.

Siasa ilimnasa pole pole. Mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Wahindi wa Mombasa. Mwaka 1909 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, lililokuwa limeanza vikao vyake miaka miwili kabla bila mtu yeyote asiye Mzungu. Alikuwa peke yake, na sauti moja katika baraza la namna hiyo husikika kama chura kisimani. Mwaka 1910 alifika London na kuyaeleza magazeti ya huko kwamba Wahindi waliojenga nchi walikuwa wakinyimwa ardhi, wakitengwa na kudharauliwa. Walowezi walihamaki. Muda wake katika baraza ulipokwisha mwaka 1911, hakurudishwa.

Alijibu kwa kalamu na kwa mkutano. Mwaka 1912 alichapisha mjini Bombay kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1914 wajumbe kutoka miji mbalimbali walikutana Mombasa wakaunda Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki, naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 67, alisafiri tena hadi London katika ujumbe uliokwenda kudai usawa wa kupiga kura na haki ya kumiliki ardhi nyanda za juu. Ujumbe huo ulirudi na machungu. Waraka wa Devonshire wa mwaka huo uliziacha nyanda za juu mikononi mwa walowezi na kuwapa Wahindi daftari lao la kando la wapiga kura.

Hapa mwenye kumsifu Jeevanjee analazimika kutua. Ardhi iliyokuwa ikigombewa kati ya walowezi na Wahindi ilikuwa na wenyewe. Wakikuyu, Wamaasai, Wanandi na wengine walikuwa wakifukuzwa humo huku wageni wawili wakijadiliana ni nani kati yao aitwe mwenyeji. Jeevanjee hakuwasemea Waafrika. Katika kipindi fulani alifikia hata kupendekeza kwamba Afrika Mashariki iunganishwe na India na iendeshwe kwa sheria za huko. Ni Waraka huo huo wa Devonshire, uliomvunja moyo, ndio uliotamka kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika yanapaswa kutangulia, ingawa aliyeyatamka hayo alikuwa akitafuta njia ya kuwanyamazisha wote wawili, na Mwafrika mwenyewe, Eliud Mathu, hakuingia katika baraza lile hadi mwaka 1944.

Alikuwa basi mtu wa wakati wake. Aliuona ukuta uliokuwa mbele yake kwa macho makali, na ule uliokuwa mbele ya jirani yake hakuuona.

Utajiri haukumfuata hadi mwisho. Miaka iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa migumu kwa biashara zake, na siasa nayo ilikula muda na fedha. Alifariki Nairobi mwezi Mei 1936, umri ukiwa miaka 80, mali yake nyingi ikiwa imekwisha kuyeyuka. Soko lake lilikuwa limeshapata mrithi. Gazeti lilikuwa la watu wengine. Bustani ilikuwa palepale, kwa sababu haikuwa yake tena.

Wapo matajiri wengine wa zama hizo walioacha alama kama hiyo katika eneo hili. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyetajirika kwa kuzitayarishia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali na shule kabla ya kufariki mwaka 1897, na jina lake lingali katika jengo la hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam. Allidina Visram, ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hadi ndani ya Uganda, alifariki mwaka 1916, na shule ya upili yenye jina lake mjini Mombasa bado inatoa wanafunzi. Lakini shule na hospitali zina ukuta, lango na msimamizi anayelipwa. Bustani haina kitu. Ni nafasi tupu, na nafasi tupu katikati ya jiji humpa mwenye tamaa usingizi wa mang'amung'amu.

Mwaka 1991 tamaa hiyo ilipata michoro. Tume ya Jiji, iliyokuwa ikiiendesha Nairobi badala ya madiwani waliochaguliwa, ilikuwa na mpango wa kujenga jumba la maegesho ya magari na maduka mahali pa bustani. Aliyesimama kuupinga alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Ulikuwa wakati wa hatari wa kupinga jambo lolote la serikali. Miaka miwili tu kabla, Profesa Wangari Maathai alikuwa ametukanwa hadharani na wanasiasa kwa kuzuia jumba la orofa 60 lisijengwe katika Bustani ya Uhuru. Profesa Maathai aliunga mkono vita vya Jeevanjee, saini za wakazi zikakusanywa, barua zikamiminika magazetini, na mpango ukakwama.

Hoja ya watetezi ilikuwa rahisi, na Mswahili yeyote aliyekulia karibu na msikiti uliojengwa kwa mali ya wakfu angeielewa bila wakili. Kilichotolewa kwa umma hakina mwenyewe wa kukiuza. Halmashauri ya mji ilipokea bustani ile kama mlezi, na mlezi hana ruhusa ya kumpiga mnada mtoto aliyewekwa mikononi mwake. Kama mtoaji alisema watu wapumzike, basi kuegesha magari si kupumzika.

Vita hivyo vilimfikisha Patel mbali kuliko alivyokusudia. Alizama katika nyaraka za babu yake na mwaka 1997 akachapisha kitabu kuhusu maisha yake, ambacho kimewapa watafiti wengi habari walizo nazo leo juu ya mzee huyo. Mwaka 2007 wazo la kujenga kwenye bustani lilizuka upya, safari hii chini ya baraza la jiji. Kelele zikapigwa upya. Wazo likarudi lilikotoka.

Ikumbukwe kwamba kufikia wakati huo bustani ilikuwa imepata watetezi ambao Jeevanjee hangeweza kuwawaza. Tangu miaka ya 1990, vyama vingi viliporejeshwa na ndimi zikaanza kulegea, watu wasio na kazi, wachuuzi, mafundi na wanafunzi walikuwa wakikutana kwenye viti vile kujadili mambo ya nchi. Mjadala ukageuka desturi, desturi ikapata jina: Bunge la Mwananchi. Hukaa bila joho wala rungu la spika, na lugha yake kuu ni Kiswahili. Polisi wamewahi kulitawanya na kuwatia mbaroni baadhi ya wajumbe wake, jambo ambalo kwa wengine lilikuwa uthibitisho kwamba ni bunge kweli. Mtu aliyekaa peke yake katika baraza la wakoloni kati ya mwaka 1909 na 1911 amewapa bila kukusudia ukumbi wale ambao hakuwasemea alipokuwa humo.

Sanamu ya malkia haikunusurika. Mwaka 2015 watu wasiojulikana waliivunja na kuikata kichwa, baada ya kusimama hapo kwa zaidi ya karne moja. Wapo waliosikitika kwamba kumbukumbu ya mji imeharibiwa, na wapo waliosema kwamba mama huyo alikuwa amekaa vya kutosha. Bunge la Mwananchi lilikuwa na la kujadili.

Sanamu ndogo ya Jeevanjee mwenyewe, ya kichwa na mabega tu, nayo iliwekwa katika bustani hiyo. Wapita njia wengi huipita bila kuitazama, wakitafuta kiti chenye kivuli.